Antivirusi Inapokataa Tovuti Salama Kwenye Kompyuta za Ofisi

Ni tarehe 20, ritani ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) haijaingia iTax, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), na kompyuta ya mhasibu inatoa ukurasa wenye pembetatu nyekundu na maneno “Your connection is not private”. Meza ya pili, tovuti ileile inafunguka bila neno. Katika ofisi nyingi za Mombasa, ziwe za mawakala wa forodha Moi Avenue au za maghala ya Shimanzi, tiba inayojulikana ni moja: zima antivirusi, maliza kazi. Shida ni kwamba hakuna anayekumbuka kuiwasha tena, na kompyuta inayopokea ankara na hati za mizigo kwa barua pepe kutwa nzima inabaki wazi.

Si lazima ifike huko. Mara nyingi kinachokwama ni kipengele kimoja tu cha antivirusi, na kinaweza kurekebishwa peke yake. Kabla ya kugusa mpangilio wowote, tafuta jibu la swali moja: cheti kilichokataliwa kimetiwa saini na nani?

Antivirusi inafanya nini pale katikati

Tovuti inayoanza na https huzungumza na kivinjari kwa lugha ya siri iitwayo TLS, kwa kawaida kupitia mlango nambari 443. Seva hutoa cheti kinachotaja jina la tovuti, muda wa kutumika na mamlaka iliyokitia saini. Kivinjari hulinganisha mamlaka hiyo na orodha ya vyeti vya mizizi, yaani vyeti vya mamlaka zenyewe, kinavyoviamini. Ikiwemo, mazungumzo yanaendelea. Isipokuwemo, pembetatu nyekundu.

Antivirusi haiwezi kusoma mazungumzo hayo ya siri. Ili ikague faili zinazopita, zile zenye ukaguzi wa HTTPS hujipenyeza katikati: zinapokea data kutoka kwa seva, zinaifungua, zinaikagua, kisha zinaifunga upya kwa cheti zilichokitengeneza papo hapo na kukikabidhi kivinjari. Kivinjari kitakikubali tu ikiwa cheti cha mzizi cha antivirusi kimo katika hifadhi ya vyeti ya Windows. Ndiyo maana antivirusi hukipandikiza humo inapowekwa.

Mpango huu una sehemu nyingi za kuvunjika. Cheti cha mzizi kinaweza kufutika au kuharibika baada ya sasisho lililokatizwa na stima. Kivinjari kinaweza kuwa na hifadhi yake kikaiacha ile ya Windows. Antivirusi ya zamani inaweza kushindwa kuelewa TLS 1.3, toleo lililokamilishwa mwaka 2018. Na wakati mwingine antivirusi haina kosa lolote: cheti cha tovuti chenyewe kimekwisha muda, nayo inatimiza wajibu wake.

Microsoft Defender, ile inayokuja na Windows, haipandikizi cheti cha mzizi wala haifungui mazungumzo ya HTTPS kwa namna hii. Kama ofisi inaitumia hiyo peke yake na tovuti bado inakataa kwa kosa la cheti, mtuhumiwa ni mwingine.

Soma kosa lenyewe

Watu huona wekundu wakafunga ukurasa. Usifunge. Chini ya maneno makubwa kuna msimbo, nao ndio wenye habari.

NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID kwenye Chrome na Edge, au SEC_ERROR_UNKNOWN_ISSUER kwenye Firefox, maana yake kivinjari hakimjui aliyetia saini. Hili ndilo kosa la kawaida la antivirusi. Firefox huenda mbali zaidi ikashuku wazi kwamba kuna mtu katikati, ikatoa MOZILLA_PKIX_ERROR_MITM_DETECTED.

NET::ERR_CERT_DATE_INVALID ni habari ya tarehe: ama cheti kimekwisha muda, ama saa ya kompyuta ni ya uongo. NET::ERR_CERT_COMMON_NAME_INVALID ni jina lililo kwenye cheti kutolingana na anwani uliyoandika. Chunguza tahajia ya anwani kwanza.

ERR_CONNECTION_RESET na ERR_SSL_PROTOCOL_ERROR ni za aina nyingine. Hapa mazungumzo yamekatwa hata kabla cheti hakijafika. Kwa kawaida kuna antivirusi kongwe au kizuizi cha mtandao wa ofisi kilichokata waya.

Ukurasa ukiwa na nembo ya antivirusi yenyewe, si ya kivinjari, hilo si kosa la cheti cha mzizi hata kidogo. Antivirusi imeamua kuizuia tovuti, na sababu imeandikwa pale pale. Ruka hadi sehemu ya “Ikiwa antivirusi ina haki”.

Saa kwanza, kwa sababu inachukua dakika moja

Kompyuta za mezani zilizozeeka hupoteza saa kila stima inapokatika, kwa sababu betri ndogo ya ubao mama imekufa. Ukiiwasha, inakuambia ni mwaka wa zamani sana, na kwa tarehe hiyo karibu kila cheti duniani hakijaanza kutumika.

Bofya kulia kwenye saa iliyo kona ya chini, fungua mipangilio ya tarehe, hakikisha ukanda wa saa ni (UTC+03:00) Nairobi, kisha bonyeza “Sync now”. Isipokubali, fungua Command Prompt kama msimamizi uandike:

net start w32time
w32tm /resync

Mstari wa kwanza ukijibu kwamba huduma tayari inafanya kazi, endelea na wa pili. Saa ikirudi nyuma tena kesho asubuhi, badilisha betri. Katika kompyuta nyingi za mezani ni ya duara, CR2032 ya volti 3. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, itoe ya zamani, weka mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Ukiwasha, ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine kabla Windows haijafunguka, uweke tarehe sahihi.

Mtafute aliyetia saini

Kwenye Chrome au Edge, bofya alama iliyo kushoto mwa anwani, au maneno “Not secure”, kisha ufungue maelezo ya cheti. Tafuta sehemu ya “Issued By”. Jina litakaloonekana hapo lina moja ya maana nne.

Likiwa la antivirusi, kwa mfano “Avast Web/Mail Shield Root” au “ESET SSL Filter CA”, umempata. Endelea na jaribio la sehemu inayofuata.

Likiwa la mamlaka inayojulikana, kama DigiCert, Sectigo, GlobalSign au Let's Encrypt, antivirusi haijaingia katikati ya tovuti hiyo. Tatizo ni saa, cheti kilichokwisha muda, au Windows iliyozeeka. Cheti cha mzizi cha zamani kilichobeba tovuti nyingi za Let's Encrypt kilikwisha muda tarehe 30 Septemba 2021, na mashine zisizopokea masasisho zilianza kukataa tovuti zisizo na kosa. Windows 7 ilikoma kupewa masasisho ya kawaida Januari 14, 2020, na Windows 10 Oktoba 14, 2025. Kwenye mashine ya Windows 7 usihangaike na antivirusi. Hata Chrome iliishia toleo la 109 kwa mfumo huo.

Likiwa la kampuni ya vifaa vya mtandao, mfano Fortinet au Sophos, aliye katikati ni kizuizi cha mtandao wa ofisi au wa jengo. Kompyuta yako haina la kujibu. Nenda kwa anayesimamia mtandao. Jamaa wa karibu wa tatizo hili ni Wi-Fi inayodai uingie kwanza kwa ukurasa wake, kama zile za hoteli na ofisi za kukodi kwa siku. Kabla hujaingia, kila tovuti ya https hulalamika. Andika neverssl.com, tovuti isiyotumia https, kwenye kivinjari, ukurasa wa kuingilia utajitokeza.

Likiwa jina usilolijua kabisa, simama. Programu mbaya nazo hupandikiza vyeti vya mizizi. Mwaka 2015 iligunduliwa kwamba kompyuta za Lenovo ziliuzwa zikiwa na programu ya matangazo iitwayo Superfish, iliyokuwa ikifanya ujanja uleule wa kukaa katikati, na kwa ufunguo mmoja kwenye mashine zote. Ukikuta jina la namna hii usiingize nywila yoyote. Iondoe mashine kwenye mtandao, ikaguliwe.

Kisha fanya ulinganisho. Fungua tovuti hiyohiyo kwenye simu yenye bando, Wi-Fi ikiwa imezimwa. Simu nayo ikikataa, kosa liko kwa mwenye tovuti. Simu ikikubali lakini kompyuta zote za ofisi zikakataa, tazama mtandao, au sera ya antivirusi inayotolewa kwa mashine zote kwa pamoja. Kompyuta moja tu ikikataa, tatizo linakaa ndani yake. Jaribu pia kivinjari cha pili: Chrome ikifungua na Firefox ikikataa, umeshapata nusu ya jibu.

Jaribio la dakika tano

Usizime antivirusi nzima. Zima ukaguzi wa HTTPS peke yake.

Kwenye Avast na AVG, ingia mipangilio ya Web Shield utoe tiki kwenye “Enable HTTPS scanning”. Kwenye ESET, fungua dirisha kuu, bonyeza F5, tafuta SSL/TLS uizime. Kaspersky huiweka chini ya “Network settings”, sehemu ya “Encrypted connections scanning”. Bitdefender iko ndani ya “Online Threat Prevention”, jina lake “Encrypted web scan”. Menyu huhamahama kutoka toleo hadi toleo. Usipoiona, andika HTTPS au SSL kwenye kisanduku cha kutafutia cha mipangilio. Ikikudai nywila, ofisi imeifunga makusudi. Mtafute msimamizi, usitafute njia ya panya.

Funga kivinjari chote, madirisha yote, kisha ukifungue upya. Kuburudisha ukurasa hakutoshi, kwa sababu muunganisho wa zamani unaweza kubaki hai. Jaribu tovuti. Ikifunguka, tazama tena “Issued By”: sasa unapaswa kuona mamlaka halisi. Ukaguzi wa HTTPS ndio wenye kosa, na tiba ziko hapa chini. Isipofunguka, uwashe tena mara moja. Uliyemshuku hana hatia.

Tiba, kuanzia nyepesi

Sasisha programu yenyewe. Hapa watu wengi hukosea: wanaona orodha ya virusi ni ya leo asubuhi wakadhani wamesasisha, kumbe injini ni ya miaka mitatu nyuma. Tafuta sasisho la programu, lisakinishe, washa kompyuta upya.

Ikishindikana, fanya antivirusi ipandikize cheti chake upya. Zima ukaguzi wa HTTPS, hifadhi, washa kompyuta upya, kisha uuwashe tena. Kwa ESET hiyo ndiyo njia yenyewe ya kukirudisha cheti. Ukitaka kuhakikisha, bonyeza Windows na R, andika certlm.msc, fungua “Trusted Root Certification Authorities” kisha “Certificates”. Tafuta jina la antivirusi. Kisipokuwemo, tumia chaguo la “Repair” kwenye orodha ya programu zilizosakinishwa. Vikiwa viwili au vitatu vya jina moja, mabaki ya matoleo ya zamani, futa vile vilivyokwisha muda huku ukaguzi umezimwa. Usifute chochote kisicho na jina la antivirusi, hata kama jina lake linakutisha. Ukifuta mzizi wa mamlaka halisi, utazalisha matatizo ambayo hakuna mwongozo utakaoyakisia.

Firefox inastahili maneno yake peke yake, kwa kuwa ina hifadhi yake ya vyeti. Andika about:config kwenye anwani, kubali onyo, tafuta security.enterprise_roots.enabled, uifanye “true”, funga Firefox na kuifungua tena. Sasa itaheshimu mizizi iliyopandikizwa kwenye Windows. Kwenye ofisi yenye mchanganyiko wa vivinjari, hatua hii moja humaliza malalamiko mengi.

Kosa likiwa la ERR_QUIC_PROTOCOL_ERROR na linajirudia kwenye baadhi ya tovuti tu, shuku QUIC, njia mpya inayotumia mlango 443 wa UDP badala ya TCP. Kwenye Chrome andika chrome://flags/#enable-quic, chagua “Disabled”, fungua upya. Kivinjari kitarudi kwenye njia ya zamani. Ikiwa hilo limetibu, chukulia ni bandeji tu. Tiba ni antivirusi mpya zaidi.

Halafu kuna antivirusi mbili kwenye mashine moja. Kompyuta ilikuja na ya majaribio, ofisi ikanunua nyingine, na ya kwanza haikuondolewa. Zote mbili zikitaka kukaa katikati, kila moja hukuta cheti cha mwenzake na kukishuku. Ondoa moja. Kuiondoa kwa Control Panel huacha mabaki, kwa hiyo tumia chombo cha kuondolea cha mtengenezaji mwenyewe. Avast, Kaspersky, ESET na Bitdefender kila mmoja ana chake, bila malipo. Baadhi hutaka Safe Mode. Baada ya hapo, kama msimamizi:

netsh winsock reset
ipconfig /flushdns

Washa upya. Ukikuta ERR_PROXY_CONNECTION_FAILED, kuna mpangilio wa proksi (seva ya kati inayopitisha mtandao) ulioachwa nyuma: nenda Settings, “Network & internet”, “Proxy”, uizime, isipokuwa ofisi yako inatumia proksi kwa kweli.

Kusamehe tovuti moja

Kazi ikiwa haiwezi kungoja, iweke tovuti hiyo kwenye orodha ya zisizokaguliwa. Zingatia tofauti moja: kuna msamaha wa ukaguzi wa HTTPS peke yake, na kuna msamaha wa ulinzi wote. Chagua wa kwanza kila unapopatikana.

Andika jina kamili, mfano itax.kra.go.ke. Usiandike *.go.ke kwa uvivu, sembuse *.com. Tovuti moja huvuta vipande kutoka majina mengine, hivyo ukurasa ukifunguka nusu, bila vitufe au bila picha ya namba za kuhakiki, bonyeza F12, fungua “Network”, pakia ukurasa upya, utazame mistari myekundu ni ya anwani zipi. Ongeza hizo tu.

Mifumo inayotaka cheti upande wa mtumiaji, kama baadhi ya huduma za benki kwa kampuni, haiwezi kabisa kuvumilia mtu katikati. Hiyo isamehe moja kwa moja bila kupoteza asubuhi. Programu zisizo vivinjari ni vivyo hivyo. Java na Git zinaweza kuja na orodha zao za mizizi, hazijali kilichomo Windows. Programu ya uhasibu iliyojengwa juu ya Java ikigoma ilhali Chrome inapita, samehe programu hiyo kwa faili yake ya .exe, usihangaike na tovuti.

Ikiwa antivirusi ina haki

Ukurasa wa antivirusi ukisema cheti kimekwisha muda, na simu yenye bando inasema vilevile, usisamehe chochote. Mpigie mwenye tovuti kwa nambari uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyo kwenye ukurasa. Ikisema ni tovuti ya kulaghai, soma anwani herufi kwa herufi, ukianzia kulia. Kinachoamua mwenye tovuti ni sehemu ya mwisho kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaofuata “https://”: itax.kra.go.ke ni ya KRA, lakini anwani inayoishia kwa jina jingine baada ya “kra.go.ke” si yake. Kufuli nalo si ushahidi wa uaminifu. Cheti hupatikana bure, na walaghai nao wanakichukua.

Tovuti nyingine hazitakupa hata kitufe cha kuendelea kwa hatari yako. Hiyo ni HSTS, amri ya tovuti kwa kivinjari kwamba isifunguliwe kamwe bila cheti sahihi. Kuna watu wanaohangaika kuifuta kwenye chrome://net-internals. Wanatibu kengele, moto unaendelea.

Kompyuta ishirini kwa mkupuo

Ofisi yenye mfumo mmoja wa kusimamia antivirusi ifanye mabadiliko kwenye sera, si meza kwa meza, kwa sababu mpangilio uliobadilishwa kwa mkono utafutwa sera itakaposomwa tena. Jaribu kwanza kwenye kikundi cha mashine moja au mbili, subiri siku nzima ya kazi, kisha panua. Usifanye hivyo tarehe 8 au 19, siku moja kabla ya siku za mwisho za PAYE (kodi ya mishahara) na VAT.

Kama uamuzi ni kuuzima ukaguzi wa HTTPS moja kwa moja kwenye ofisi nzima, si maafa. Faili ikishuka kwenye diski bado inakaguliwa, na vivinjari vya leo vina kinga zao za tovuti za ulaghai. Binafsi tungechagua hivyo kuliko ukaguzi mbovu unaowafundisha wafanyakazi kubofya onyo kila siku. Ulinzi wa faili na wa barua pepe ndio usioguswa.

Jaribu kabla ya kuondoka

Huku ukaguzi ukiwa umewashwa, fungua expired.badssl.com, kisha self-signed.badssl.com, tovuti za majaribio zenye vyeti vibovu kwa makusudi. Zote mbili lazima zikataliwe. Ikiwa mojawapo inafunguka kimyakimya, antivirusi inapokea cheti kibovu na kukivalisha chake kizuri, na kivinjari hakioni tofauti. Hiyo ni mbaya kuliko tatizo ulilokuja kutibu: zima ukaguzi wa HTTPS kwa bidhaa hiyo na uanze kutafuta nyingine.

Mwisho, jaribu kupakua faili ya majaribio ya EICAR kutoka eicar.org. Ni herufi 68 zisizo na madhara, ambazo antivirusi zimekubaliana kuzitambua kama virusi. Inapaswa kunaswa. Kisha andika kwenye daftari la ofisi: tarehe, mashine, toleo la antivirusi, na kila anwani iliyosamehewa. Antivirusi ikisasishwa, ondoa misamaha hiyo mmojammoja uone ipi bado inahitajika.